Websaiti ya chuo haisomeki kwa wanafunzi wasioona, bajeti hakuna, naanzia wapi?

Fundi_Chuo aliandika:

Wakuu habari za leo. Mimi ni mtu wa IT kwenye chuo kimoja cha kati huku Kanda ya Ziwa, jina la chuo naomba nilihifadhi. Kitengoni tupo wawili na mwenzangu kazi yake kubwa ni printa na waifai. Mwaka huu tumepokea wanafunzi wawili wasioona, yupo mmoja mwenye ualbino anayesoma kwa kukuza maandishi, na mwaka wa pili kuna kiziwi mmoja. Mkuu wa chuo kaniita ofisini kasema "hakikisha websaiti inatumika na wote", basi, kamaliza hapo, hela hakuna. Na wakati huohuo kuna jamaa wa kampuni fulani kamletea pendekezo la kuweka kile kialama cha mtu kwenye kona ya ukurasa, ukikibofya unaongeza ukubwa wa maandishi, unabadili rangi, unasomewa na mengineyo, malipo kwa mwaka, anadai ukishaweka hicho umetimiza viwango vya kimataifa na kazi imekwisha.

Websaiti yenyewe ni WordPress, themu ya kununua. Halafu kuna potali ya maombi na matokeo, aliyeitengeneza alishaondoka ila kodi zake (code) ninazo. Nimeingia kusoma WCAG, ile miongozo ya kimataifa ya websaiti inayotumika na wote, nikakutana na vigezo kurasa kwa kurasa, ngazi mara A mara AA mara AAA, kichwa kikaanza kugonga. Sasa swali langu, mtu ukiwa peke yako na mfuko mtupu unaanza na kipi? Na hicho kialama kinasaidia kweli au ni biashara tu?

---

nukta_sita alijibu:

Fundi shikamoo kama umenizidi, kama nimekuzidi basi marahaba. Mimi sioni tangu utotoni, chuo nimemaliza, kwenye laptopu natumia NVDA na kwenye simu TalkBack, ni programu zinazonisomea skrini kwa sauti. NVDA ni ya bure, ilianzishwa na wasioona wenyewe kule Australia mwaka 2006, kwa hiyo usiniambie bajeti, hiyo ipakue leo. Vaa hedifoni, zima skrini, halafu jifanye unaomba kozi kwenye chuo chako mwenyewe. Hutafika mbali kabla hujajua pa kuanzia.

Ngoja nikueleze tunavyotembea humo ndani maana wengi mnadhani tunasikiliza ukurasa kuanzia juu mpaka chini kama taarifa ya habari. Hapana. Nikifika ukurasa mgeni nabonyeza H, narukia kichwa cha habari kimoja hadi kingine. Kama fundi aliviandika vichwa kwa kunenepesha maandishi tu bila kuviweka kama vichwa kwenye kodi, kwangu havipo, nabonyeza H naambiwa hakuna. Nikikwama nabonyeza Insert na F7, inafunguka orodha ya linki zote za ukurasa. Sasa kwenye websaiti za vyuo vyetu orodha hiyo inasomeka hivi: bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa, soma zaidi, soma zaidi, pakua, pakua, bonyeza hapa. Ipi ni fomu ya kujiunga na ipi ni tenda ya kusambaza kuni jikoni? Nazifungua moja moja, na bando linaenda.

Kingine kidogo ambacho watu hawakijui, angalia juu kabisa ya kodi kama kumeandikwa lang="en", yaani lugha ni Kiingereza, wakati tangazo ni la Kiswahili. Themu nyingi zinakuja hivyohivyo. Hapo NVDA inachukua sauti ya Kiingereza na kusoma Kiswahili kama mtalii aliyeshuka KIA asubuhi, "wanafunzi wote wanatangaziwa" inatoka kitu ambacho hata mama yangu hawezi kukitambua. Ukiweka sw inabadilisha sauti yenyewe, Kiswahili ipo humo ndani. Kama ukurasa una lugha mbili unaweka lang kwenye kipande husika tu.

Fomu sasa. Nafika kwenye kisanduku, mashine inaniambia hapa ni pa kuandika na ni patupu, haisemi cha kuandika ni nini. Nyie mnaona "Namba ya mtihani kidato cha nne" kwa rangi ya kufifia ndani ya kisanduku, mimi sipati uhakika, na hata anayeona akianza kuandika yale maneno yanatoweka. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo usiseme, kalenda inataka mausi, huwezi kuandika kwa mkono. Mwisho wa yote tunaishia stesheneri. Unakaa kwenye benchi, kijana anakujazia huku anahudumia wengine wanaotoa kopi, unamtajia mbele za watu tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, namba ya simu, paswedi anatunga yeye na kuiandika kwenye kaunta buku lake. Jirani yangu alipochaguliwa ndiyo akajua kozi aliyojaziwa siyo aliyoitaja. Hapo unamlaumu nani?

Ila nikwambie kitu, hata websaiti ikiwa mbovu kiasi gani tunaipambania. Kinachotumaliza kabisa ni PDF za kuskani. Tangazo limechapwa kwenye Word vizuri tu, likaprintiwa, likasainiwa, likagongwa muhuri, likaskaniwa, likapandishwa. Hiyo ni picha. Nikifungua naambiwa ukurasa mtupu. Anza na hapo.

---

wakisumu_dev alijibu:

Niaje Fundi, niko upande wa Kenya na hizi kazi za websaiti za vyuo nimefanya kadhaa. Hiyo stori ya widget, hicho kialama, wachana nayo kabisa. Mwambie boss wako mwezi wa kwanza 2025 ile tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kwa sababu ya kudai kifaa chake kinaweza kufanya websaiti yoyote itimize WCAG. Ni hicho hicho kialama cha kona. Mtu asiyeona tayari ako na NVDA yake venye ameizoea, hataki msomaji wa pili anaongea juu ya wa kwanza. Na kile kisanduku hakina lebo kinabaki hakina lebo.

Usijisikie vibaya lakini, si nyinyi pekee. WebAIM, hao wako Utah State University, kila mwaka hupima kurasa za mbele za websaiti milioni moja, na 2024 asilimia 95.9 zilipatikana na makosa ambayo mashine inaeza kuyaona yenyewe. Kosa nambari moja lilikuwa maandishi ya rangi hafifu. Hao hao wako na WAVE, ni ya bure, unaweka anwani ya ukurasa inakuonyesha makosa kwa rangi. Ukitumia Chrome pia Lighthouse, kipimo kingine, iko ndani tayari. Tumia hizo kutoa yale ya wazi lakini usiishie hapo, mashine itakuambia picha iko na maelezo, haitakuambia maelezo yenyewe ni "IMG_2041".

Kwa potali ningeanza hivi. Chomoa mausi. Kweli, ichomoe, weka kwa droo. Jaza fomu yote na Tab, Enter na Space. Ukipotea hujui uko wapi, tafuta kwa CSS yako, ile kodi ya mwonekano, outline: none na uifute, kuna mtu aliona ule mstari wa buluu unaharibu urembo. Halafu kila kisanduku kipe label ya ukweli iliyofungwa na for na id, si placeholder, yale maneno ya kufifia ndani. Tarehe weka visanduku vitatu vya kuandika, siku mwezi mwaka, kalenda itupe. Makosa yakitokea usipake nyekundu tu, andika kwa maneno "namba ya simu imepungua tarakimu" na uifunge na kisanduku chake. Na hiyo seshoni inayokufa baada ya dakika chache mtu akijaza pole pole, ongeza muda ama umuulize kama bado yuko.

WCAG usiogope. Toleo la sasa ni 2.2 la Oktoba 2023, wewe lenga AA, AAA hata W3C wenyewe wanaoiandika hawapendekezi ulazimishe websaiti nzima ifike hapo. Rangi ya maandishi ya kawaida inatakiwa iwe na utofauti wa 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma yake. Ile kijivu ya #999 kwenye nyeupe inapata kama 2.85, imefeli. #767676 ndio mwisho wa kufifia.

Ah na vile viMPYA vinavyowaka waka kando ya matangazo, tafadhali. Pamoja na lile tangazo la kutembea. Kinachotembea zaidi ya sekunde tano lazima kiwe na pa kukisimamisha, na chochote kisimulike zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kuna watu wako na kifafa.

---

kofia_pana alijibu:

Mimi ndiyo hao wa ualbino mliowataja, siyo wa chuo chako ila hadithi ni ileile. Naongezea mawili tu. Kwenye kodi tafuta user-scalable=no uifute, hiyo inazuia mtu kukuza ukurasa kwa vidole kwenye simu, sijui nani aliwaambia ni jambo zuri. Jingine ratiba. Ratiba ya mitihani inabandikwa ubaoni, CR, kiongozi wa darasa, anaipiga picha kwa simu yake na kivuli cha kichwa chake juu, anatupia kwenye grupu la WhatsApp. Nikiikuza inakuwa ukungu. Nikienda ubaoni ipo juu karibu na dari. Kwenye websaiti ipo, lakini ni picha hiyohiyo. Ratiba ni jedwali jamani, iwekeni kama jedwali.

---

mama_masjala alijibu:

Nimewasoma wote, asanteni. Mimi nipo masjala miaka mingi na naona lawama zote zinaishia kwetu tunaoskani. Wanangu, hatuskani kwa kupenda. Barua ya chuo bila sahihi na muhuri siyo barua. Matapeli wanatengeneza barua za kujiunga feki, wanaweka namba yao ya simu, mzazi wa kijijini anatuma ada yote, halafu mtoto anafika na sanduku na godoro getini hayupo kwenye orodha. Nimeshuhudia mzazi anakaa chini analia. Mkisema tuweke Word bila muhuri kesho kila mtu atakuwa anabadilisha anavyotaka. Na msajili hawezi kukubali.

---

nukta_sita alijibu:

Mama shikamoo. Hoja yako nzito na sitaki ionekane tunaidharau, wazazi wanaibiwa kweli. Lakini tuulizane, huyo tapeli muhuri anaupata wapi? Anaupata kwenye hiyohiyo PDF yenu mliyoskani, anaukata anaubandika kwenye yake. Kinachomlinda mzazi ni kujua barua ameitoa kwenye anwani ya chuo yenyewe, ile ya .ac.tz ambayo haipewi kila mtu, na kwamba ada inalipwa kwa kontrolo namba, ile namba maalumu ya malipo, na siyo kwa namba ya simu ya mtu. Hayo yaandikeni kwa herufi kubwa mbele ya websaiti.

Na hatusemi muhuri uondoke. Wekeni vyote viwili. Ile iliyochapwa itangulie, maandishi yenyewe ndani ya ukurasa au PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye Word, chini yake weka "nakala yenye sahihi na muhuri" kwa anayeitaka. Faili la Word mnalo tayari, ndilo mliloprinti. Hakuna kazi mpya hapo, kuna kazi ya printa na skana inapungua.

Kama msajili anabisha mpe hoja isiyohusu ulemavu hata kidogo. Orodha ya waliochaguliwa. Ikiwa imeskaniwa hakuna mtu anayeweza kutafuta jina lake kwa Ctrl+F, wote mnateremka ukurasa kwa ukurasa mnatafuta "Mw..." kwa macho, na faili limefikia megabaiti kadhaa za picha wakati majina yaleyale kwa maandishi hayafiki hata megabaiti moja. Simu zinazopigwa masjala "naomba unitazamie jina langu", si mnazijua mama?

Akiendelea kubisha ndiyo umwonyeshe sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, na mkataba wa Umoja wa Mataifa Tanzania iliuridhia 2009, ibara ya 9 inaitaja intaneti kwa jina.

---

mama_masjala alijibu:

Marahaba mwanangu. Hilo la simu umenigusa, wiki ya majina hatunywi chai. Sasa nielekezeni taratibu, hiyo PDF ya kutoka Word inatengenezwaje? Maana kwetu tunabonyeza print tunachagua PDF.

---

wakisumu_dev alijibu:

Mama hapo kwa print ndipo inaharibika. Ukipita kwa print maandishi yanabaki lakini vichwa, jedwali na mpangilio vinapotea, msomaji anapata supu. Pita kwa File, halafu Save As, chagua PDF, na ukifungua Options hakikisha pale pa Document structure tags pamewekwa tiki. Kabla ya hapo kwa Word yenyewe vichwa vyako vichague kwa Heading 1, Heading 2, si kuongeza saizi na bold. Jedwali safu ya juu iweke kama safu ya vichwa na usiunganishe unganishe visanduku. Halafu kwa Review kuna Check Accessibility, ibonyeze, inakuambia shida iko wapi. Hiyo ni yote. Kenya sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003 na bado kuna ofisi zinaskani, kwa hivyo usione tuko mbele yenu sana.

---

kimya_kingi alijibu:

Mimi kiziwi. Diploma mwaka wa mwisho, chuo kingine. Watu wanafikiri kiziwi anaona kwa hiyo websaiti kwake haina shida.

Ukurasa wa mawasiliano: "kwa maelezo zaidi piga simu namba hii". Nikituma meseji hakuna anayejibu. Wekeni namba ya WhatsApp au SMS na awepo mtu wa kuijibu.

Video ya kuwapokea wanafunzi wapya, mkuu anaongea dakika nyingi, maandishi chini hakuna, mkalimani hakuna. Mwenzangu alinifupishia, "anasema mkaribie".

Na Kiswahili chenu cha matangazo. Lugha yangu ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Sentensi moja inachukua mistari sita, "kwa kuzingatia matakwa ya kanuni tajwa hapo juu". Andikeni: Ada inalipwa kabla ya tarehe fulani. Asiyelipa hafanyi mtihani. Nimeelewa.

---

wakisumu_dev alijibu:

@kimya_kingi umesema. Na hiyo ya video si ndogo, chama cha kitaifa cha viziwi Marekani kilishtaki vyuo vikuu vya Harvard na MIT mwaka 2015 kwa ajili ya video za masomo zisizo na manukuu, Harvard wakakubaliana 2019, MIT 2020. Chuo kikuu cha Berkeley nao walipoambiwa na serikali warekebishe zao, 2017 waliondoa video na sauti zaidi ya 20,000 zisionekane tena hadharani badala ya kuzirekebisha, ikawa hasara ya kila mtu. Fundi kwa hiyo usijaribu kurekebisha video zote za zamani. Weka sheria kwamba kuanzia leo video haipandi bila maandishi, na za zamani chukua zile mbili tatu watu wanazihitaji, za kujiunga na za kutumia potali.

---

Fundi_Chuo aliandika:

Wakuu sikutegemea majibu ya namna hii, nashukuru sana. Nimefuata ushauri, nimeweka NVDA nikavaa hedifoni. Ukurasa wetu wa mbele una slaidi za picha zinazojizungusha, na kila slaidi ikibadilika NVDA inakatizwa kusoma pale nilipokuwa, nikaifunga hedifoni kwa hasira. Slaidi nimezitoa. Mkuu wa chuo kaona kauliza picha yake ya mahafali imekwenda wapi, nimemwambia ipo kwenye ukurasa wa utawala, na maelezo ya picha nimemwandikia vizuri.

Kialama nimemshauri tusinunue, nikamwonyesha hilo la FTC, kaelewa haraka aliposikia ni malipo ya kila mwaka. Msajili amekubali utaratibu wa faili mbili baada ya kumwonyesha Ctrl+F kwenye orodha ya mwaka jana, hakusema kitu, akamwita katibu muhtasi wake aje aone. Kwa hiyo mpango wangu ni matangazo kwanza, halafu fomu ya maombi, themu nitaibadili likizo, nimeona WordPress wana themu zilizowekwa alama ya accessibility-ready, yaani zimeandaliwa zitumike na wenye ulemavu pia. Na wale wanafunzi wawili wamekubali kuijaribu fomu kabla haijafunguliwa, nimeomba walipwe posho kama tunavyomlipa mtu yeyote wa nje, hilo bado linajadiliwa.

Limebaki moja linanitatiza. Kontrolo namba. Ina tarakimu 12, NVDA ikifika pale inaisoma kama namba moja, mia tisa tisini na kitu bilioni, milioni, laki, mtu hawezi kuishika. Niikate kwa nafasi, nne nne?

---

nukta_sita alijibu:

Usiikate kwa nafasi. Nikiikopi na nafasi zake nikaibandika kwenye app ya benki baadhi zinaikataa, na wewe hutajua kwa nini nimeshindwa kulipa. Iache nzima kama maandishi, siyo picha, sisi tunapita kwa mshale tarakimu moja moja. Pembeni weka kitufe cha "Kopi kontrolo namba", na nikikibonyeza kiniambie "imekopiwa" kwa sauti, siyo kubadilika rangi ya kijani tu. Hapo unatumia role="status", inayoiambia NVDA itangaze ujumbe, kwenye hicho kisanduku cha ujumbe, na kisanduku kiwepo kwenye ukurasa tangu mwanzo kikiwa kitupu, ukikitengeneza pale pale mtu anapobonyeza mara nyingine hakisomwi. Na itume kwa SMS pia, huko wote tumezoea. Hilo la posho usiliachie.